Jumba la Wajerumani lililobadilishwa jina na vita

Katikati ya jiji la Indianapolis, Marekani, kwenye Mtaa wa Michigan, lipo jumba kubwa la matofali linaloitwa Athenaeum. Wahamiaji waliolijenga waliliita Das Deutsche Haus, yaani Nyumba ya Wajerumani.

Chimbuko lake ni mapinduzi ya mwaka 1848 huko Ujerumani. Yaliposhindwa, wengi waliokuwa wakidai katiba na uhuru wa kusema walikimbilia ng'ambo. Walikwenda na vyama vya Turner, vilivyotokana na mazoezi ya viungo aliyoyaanzisha Friedrich Ludwig Jahn mjini Berlin mwaka 1811. Kwao, raia huru alihitaji mwili imara na akili iliyofunguka, hivyo jimnastiki ilikwenda sambamba na muziki, vitabu na mijadala. Chama cha kwanza Indianapolis kiliundwa mwaka 1851, na miongoni mwa waasisi wake alikuwemo Clemens Vonnegut, muuzaji wa vifaa vya chuma.

Mwanawe Bernard, msanifu majengo, alishirikiana na Arthur Bohn kulichora jumba hilo. Upande wa mashariki ulijengwa mwaka 1893 na 1894, na wa magharibi ukakamilika mwaka 1898. Mlikuwa na ukumbi wa mazoezi, jukwaa la tamthilia na mgahawa wa Rathskeller, ambao hadi leo unahudumia wateja. Mwaka 1907 kilihamia humo chuo cha walimu wa mazoezi ya viungo, somo ambalo Waturner walilipigania sana liingie katika shule za umma.

Kisha Marekani ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1917. Kila chenye asili ya Kijerumani kikashukiwa. Mwaka 1918 wanachama wakaliita jumba lao Athenaeum, na mwaka 1919 Bunge la Indiana likapiga marufuku kufundisha Kijerumani katika shule za msingi. Mjukuu wa Bernard, mwandishi Kurt Vonnegut, aliyezaliwa mwaka 1922, alieleza kwamba wazazi wake walimlea bila lugha hiyo.

Mwaka 2016 jumba lilitambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, heshima linayoistahili. Lakini matofali hukarabatiwa kwa fedha. Lugha huishi vinywani mwa watoto. Wanaowanyima watoto lugha ya nyumbani kwa hofu ya vita wajue kwamba amani hurudi, na lugha isirudi nayo.