Uzito wa bunduki na uwindaji wa ndege huku kwetu

Bunduki za kwanza kujulikana kwenye mwambao wetu wa Uvira zililetwa na wafanyabiashara Waswahili waliopitia Ujiji, katika karne ya 19. Zilijazwa baruti mdomoni, na nyingi zilikuwa ndefu, kilo 4 hivi au zaidi. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulizuia silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini zile za gumegume ziliachwa. Baadaye ikaja kalibre 12, kilo 3 na kitu.

Katika tambarare ya Ruzizi, mwenye kuvizia kanga hatembei sana. Ile nzito inamfaa, maana inapunguza teke. Lakini anayefuata kwale anatoka ziwani, mita 770 hivi, anapanda milima inayopita mita 3000. Huyo kwale akiruka ghafla, mkono umeshachoka. Nyepesi inainuka upesi, ila inaumiza bega. Basi, njia ndiyo inayochagua bunduki.

Tangu vita ya 1996, raia mwenye bunduki mlimani anaweza kudhaniwa mpiganaji. Kwa hiyo tuwaeleze vijana wetu: silaha ilikuwa pia chombo cha kutafutia mboga.