Kifungo cha maisha kwa watoto nchini Marekani

Kifungo cha maisha bila parole kwa watoto ni adhabu ya kumfunga hadi kufa mtu aliyetenda kosa kubwa kabla ya kutimiza miaka 18. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu imeiwekea mipaka kwa kurejelea Marekebisho ya Nane ya Katiba, yanayokataza adhabu za kikatili.

Hukumu ya Roper dhidi ya Simmons (2005) ilifuta adhabu ya kifo kwa watoto. Majaji walieleza kwamba kijana hajapevuka kiakili, hushawishika upesi na tabia yake bado inaweza kubadilika. Mwaka 2010, katika kesi ya Graham, mahakama ilikataza kifungo cha maisha bila parole kwa mtoto ambaye hakuua. Mwaka 2012, katika kesi ya Miller, ilikataza sheria zinazomlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo hata kwa muuaji. Ni lazima jaji kwanza apime umri na malezi ya mshtakiwa.

Uamuzi wa mwaka 2016 uliwafikishia nafuu hiyo waliokwisha kufungwa. Henry Montgomery, ambaye kesi yake ndiyo ilileta uamuzi huo na aliyeua mwaka 1963 akiwa na miaka 17, aliachiwa mwaka 2021 akiwa na miaka 75.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaipiga marufuku kabisa adhabu hii. Marekani ndiyo mwanachama pekee wa Umoja wa Mataifa ambaye hajauridhia.