Mwandishi na Wasomaji Wake: Tangu Darsa ya Madina Hata Maktaba Zetu

Katika vijitabu vya kumbukumbu kama hiki ni desturi kuhesabu misikiti iliyojengwa, madarasa yaliyofunguliwa, na wazee waliotangulia mbele ya haki. Hayo ni mema na yana haki ya kuandikwa. Lakini leo napenda kuzungumza na wasomaji juu ya jambo lisilo na jiwe la msingi wala mnara: yaani historia ya mwandishi kukutana uso kwa uso na watu wanaokisoma kitabu chake.

Huenda ndugu yangu wa Budondo akauliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi wakulima na wachuuzi tunaokaa ukingoni mwa Nili, kaskazini ya mji wa Jinja?" Na ndugu wa Mbale, chini ya mlima wa Masaba, huenda akauliza vivyo hivyo. Namwomba kila mmoja wao asubiri kidogo, kwani jibu limo ndani ya historia yenyewe.

Watu wengi hudhani ya kuwa mikutano ya waandishi na wasomaji ni jambo geni, lililoletwa na maktaba za siku hizi. Sivyo. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii twapaswa kujua kuwa Imam wetu mwenyewe alianza safari yake kuu ya elimu akiwa msomaji aliyemwendea mwandishi. Alizaliwa mwaka 150 wa Hijra, ndio 767 wa Miladi, akalelewa Makka katika hali ya ufukara. Akakihifadhi kitabu cha Muwatta cha Imam Malik, kisha akafunga safari kwenda Madina kwa mwenye kitabu. Hakwenda kumtazama tu. Alikwenda kumsomea kitabu chake mwenyewe, na Malik akasikiliza, akapendezwa na usomaji wa kijana yule.

Na tutazame jambo jingine katika habari hiyo. Muwatta haukuandikwa siku moja ukafungwa. Imam Malik aliusomesha miaka mingi, akiupunguza na kuurekebisha, na wanafunzi waliousikia kwake kwa nyakati mbali mbali waliuchukua kwa mapokezi yanayotofautiana. Basi kitabu kile kilikuwa kikiishi kati ya mwandishi na wasikilizaji wake. Mwandishi alikuwa akijibu, na msomaji alikuwa akishuhudia.

Desturi hiyo ilienea. Katika mji wa Dameski, karne ya 12 na ya 13, kitabu kiliposomwa mbele ya mtungaji wake, au mbele ya mtu aliyekipokea kwa mtungaji, mwandikaji alikaa na kuyaandika majina ya waliohudhuria: nani alisikia kitabu chote, nani alichelewa, nani alikosa sehemu fulani. Nyingi katika orodha hizo zingalipo hata leo. Na ndani yake hamna majina ya wanazuoni peke yao. Wamo mafundi na wafanya biashara, wamo wanawake, wamo na watoto walioletwa na baba zao. Historia kubwa ya mji huo iliyotungwa na Ibn Asakir, aliyefariki mwaka 1176, ilisomwa hadharani kwa namna hiyo. Laiti orodha zile zisingaliandikwa, leo tusingalijua ya kuwa fundi wa sokoni aliketi akasikiliza historia ya mji wake.

Sasa na turudi katika Afrika yetu ya Mashariki. Mjini Mombasa alikuwako Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliwaandikia watu wa mji wake juu ya elimu, juu ya malezi, na juu ya uzembe uliowaacha nyuma. Makala zake nyingine zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Lakini Sheikh huyu hakujificha nyuma ya karatasi. Alikuwa mwalimu anayesomesha, na baadaye, tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliyeudhiwa na makala alijua mahali pa kumpata mwenye makala. Mwandishi wa namna hiyo huyapima maneno yake kabla ya kuyatoa, kwani ajua kesho atasimama na wasomaji wake katika safu moja.

Baada yake akatokea Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja, mwalimu na mshairi. Tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilitimia na kutolewa mjini Nairobi mwaka 1969, lakini sehemu zake zilikwisha kupigwa chapa katika vijitabu kabla ya hapo. Hivyo watu walisoma sehemu, wakauliza na kujadiliana, hali mtungaji yu hai kati yao na kazi yake ingali ikiendelea. Katika nyumba nyingi za Waislamu kitabu hicho chawekwa mahali pa juu pa heshima, na ni vema. Walakini tukumbuke kuwa mtungaji wake alikuwa mwalimu wa darsa, mtu aliyezoea kuulizwa.

Je, huku kwetu Uganda mambo yalikuwaje? Kiswahili kilifika pamoja na misafara ya wafanya biashara wa pwani, na Waislamu wakakipenda. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka lugha hii itumike katika shule na kazi za serikali katika sehemu kubwa ya nchi. Kabaka Daudi Chwa na maaskofu wa Kikristo walipinga, kila mmoja kwa sababu zake, na shauri lile likafifia. Tangu hapo Kiswahili kikabaki lugha ya askari, ya soko, na ya baadhi ya Waislamu, wala hakikupata nafasi kubwa shuleni. Matokeo yake ni kwamba aliyekisoma Kiswahili hapa alisoma vitabu vya watu wa mbali, ambao hakutazamia kuwaona.

Mwaka 1948 ilianzishwa Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyotoa vitabu kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyinginezo, na kupeleka vitabu mashambani katika masanduku na kwa njia ya posta. Kazi hiyo ilistahili shukrani. Lakini sanduku huleta kitabu tu, halimleti mwandishi. Msomaji alipofunga ukurasa wa mwisho akiwa na swali, swali lake lilirudi pamoja na sanduku.

Na ajabu ni kwamba mabingwa wa lugha walikuwa karibu nasi kuliko tulivyodhani. Tangu 1952, kwa muda wa miaka kama kumi, Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere. Shaaban Robert wa Tanga, mshairi mkubwa wa zama zake, alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Kisha, mwezi wa Juni 1962, ulifanyika pale pale Makerere mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika. Walikuwako Chinua Achebe na Wole Soyinka kutoka Nigeria, na kijana mwanafunzi wa Makerere aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kuwa Ngugi wa Thiong'o. Kijana huyu alimwonyesha Achebe kitabu alichokuwa akikiandika, na kukutana kule kukamfungulia njia. Lakini mkutano ule ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert hakuwamo, na mwezi ule ule akafariki. Ngugi mwenyewe aliandika baadaye, akilalamikia mlango uliowafungia nje watunzi wa lugha za Kiafrika. Basi tusisahau ya kuwa kikao cha vitabu chaweza kufungua mlango kwa mmoja na kuufunga kwa mwingine, na lugha ndiyo ufunguo.

Tena kukutana huko si mchezo. Pengine kuna gharama. Mwaka 1961 Rajat Neogy alianzisha Kampala jarida lililoitwa Transition, na kurasa za barua za wasomaji zikawa na sifa kama makala zenyewe. Ali Mazrui, mwana wa yule Sheikh wa Mombasa, alipokuwa akisomesha Makerere, aliandika humo mwaka 1966 makala ya kumkosoa Nkrumah, na wasomaji wakamjia kwa barua kali za kupinga na za kuunga mkono. Mwaka 1968 Abu Mayanja, mwanasheria na mbunge, Mwislamu mwenzetu, aliandika barua katika jarida hilo kujibu makala iliyohusu mahakama. Oktoba ya mwaka huo yeye na Neogy walikamatwa. Walishtakiwa kwa uchochezi. Mahakama haikuwaona na hatia, na juu ya hivyo wakarudishwa kizuizini. Yote hayo kwa ajili ya barua ya msomaji! Serikali ile ilitambua jambo ambalo sisi mara nyingi hatulitambui: msomaji anayejibu ni mtu mwenye uzito.

Katika miaka ya karibu milango imefunguka tena. Chama cha waandishi wanawake kiitwacho FEMRITE, kilichoanza kazi Kampala mwaka 1996, kiliweka desturi ya kikao cha kila Jumatatu, ambapo aliyeandika husoma kazi yake mbele ya watu nao humkosoa. Ni darsa kwa sura nyingine, na walioianzisha ni wanawake. Maktaba za umma, zilizowekewa halmashauri kwa sheria ya mwaka 1964, zimekabidhiwa kwa serikali za wilaya na miji, na Jinja ina yake. Mbale ina Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988, pamoja na wanazuoni na vitabu. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo visingizio vyetu vimepungua.

Sasa namjibu ndugu yangu wa Budondo aliyeuliza jambo hili latuhusu nini. Latuhusu kwa sababu habari zetu wenyewe zingali vinywani mwa wazee. Nani kwanza alisomesha Alifu hapa, nani alitoa ardhi ya msikiti, akina mama gani walichanga mayai na ndizi ili mwalimu apate posho: hayo huyasikii ila matangani, na kila tukizika mzee twazika na ukurasa. Hatuna mwandishi wa kutosha kwa sababu vijana wetu hawajamwona mwandishi. Kijana aliyekwisha kumwona mtu wa kawaida, mwenye vumbi miguuni, akisema "kitabu hiki nimekiandika mimi, niulizeni," huyo hawezi tena kudhani ya kuwa vitabu huteremka kutoka mawinguni au hutoka Ulaya peke yake.

Basi yatupasa kuanza na tulicho nacho. Chama cha wasomaji hakihitaji jumba. Chahitaji kitabu kimoja kinachosomwa kwa zamu, sebule au ukumbi wa madrasa, na siku maalumu. Kisomwe kwa Kiswahili, kwa Lusoga, kwa Luganda au kwa Lugisu, maadamu waliohudhuria waelewe. Mwandishi akialikwa, wenyeji wawe wamekwisha kukisoma kitabu chake, kwani kumwita mtu usiyemsoma ni kumpotezea siku. Aulizwe kwa adabu, lakini aulizwe hasa. Naye akubali kuwa msomaji wa shambani aweza kuona kosa ambalo mhariri wa mjini hakuliona. Na wanawake wapewe nafasi ya kuuliza, si ya kusikiliza tu. Watu wa Dameski waliyaandika majina ya wanawake wao miaka mia nane iliyopita.

Tena, na hili ndilo ombi langu la mwisho, pawe na daftari. Kila kikao yaandikwe humo majina ya waliohudhuria, kitabu kilichosomwa, na maswali yaliyoulizwa. Hata jina la mtoto aliyekuja na babu yake, na la mtu aliyechelewa kwa sababu ya mvua. Leo daftari hilo litaonekana ni karatasi tu. Lakini siku moja atatokea mtu wa Budondo au wa Mbale akitaka kuandika historia ya watu wake, na hapo atalikuta daftari, atasoma majina yetu, na atajua tulisoma nini na tuliuliza nini.