Mashahidi wa Namugongo

Wasikilizaji wetu, leo twataka kutazama jinsi Wakristo wa Buganda walivyoteswa zamani, na jinsi walivyosaidiana.

Mwaka 1885 Kabaka Mwanga alianza kuwaua Wakristo. Aliona ya kuwa vijana wa ikulu wamtii Bwana mwingine kuliko yeye, tena aliogopa Wazungu wasije wakamnyang'anya nchi. Mwezi wa Novemba alimwua Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa mlezi wa vijana wale. Je, waliosalia wangemtegemea nani? Charles Lwanga alishika mahali pake. Mwezi wa Mei 1886, hatari ilipokaribia, aliwabatiza wale waliokuwa hawajabatizwa, wala hakuwaacha. Tarehe 3 Juni yeye na wenziwe wengi walichomwa moto Namugongo. Mashahidi wanaokumbukwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Mateso ya namna hii hayakwisha. Ng'ambo ya mto Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, tangu mwaka 2017 watu wenye silaha wamechoma vijiji na makanisa. Waislamu nao wameuawa. Wengi waliokimbilia mji wa Pemba katika nchi hiyo walipokewa nyumbani mwa watu maskini kama wao.

Basi, kumwombea anayeteswa ni vyema. Walakini yapasa maombi yafuatwe na chakula, mkeka, na mlango ulio wazi. Lwanga hakuweza kuuzima moto, bali aliwalea wenziwe hata mwisho. Nasi tukibishiwa hodi na mkimbizi, tumkaribishe.