Kwa nini mwandishi wa bunilizi haachi siasa na kejeli

Mwalimu mmoja wa Kiswahili huko Kegonga, Kuria Mashariki, aliwahi kuniuliza: “Profesa, kwani riwaya haiwezi kusimulia tu bila kuwachokoza wakubwa?” Swali hili si geni, na jibu lake limo katika historia ya fasihi yetu.

Hebu tuanze mwaka wa 1951, riwaya ya Kusadikika ilipochapishwa. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Angewezaje kutangaza waziwazi kwamba watawala hawapendi kushauriwa? Alibuni nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Katika utetezi wake, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi jirani, wakarudi na maarifa ya kulifaa taifa, nao wakafungwa. Mkoloni hatajwi popote. Anayemtambua ni msomaji.

Sasa mlinganishe na Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka wa 1968 aliandika waraka, Kenya Twendapi?, akaikosoa serikali moja kwa moja, bila fumbo. Basi, alifungwa mwaka uliofuata, akatoka 1972. Humo gerezani alitunga kwa siri mashairi yaliyotoka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Mojawapo linamzungumzia mamba anayejiona hashindiki. Msomaji alijua fika kwamba habari si ya mtoni.

Naye Katama Mkangi, aliyetiwa kizuizini 1986, alichapisha Walenisi mwaka wa 1995. Likate jina hilo vipande, utapata: wale ni sisi. Anatupeleka katika jamii ya mbali yenye haki ili tuione aibu ya jamii tuliyoiacha nyuma.

Si kwamba fumbo ni ngao kamili. Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong’o ilitoka kwa Kikuyu 1986, na mwaka uliofuata polisi wakazikusanya nakala zake madukani. Lakini kejeli humpa mwandishi nafasi ya kusema, na humwachia msomaji kazi ya kumtambua anayesemwa. Ndivyo walivyofanya nyanya zetu waliposimulia habari za fisi mlafi. Kila mtu kijijini alimjua fisi ni nani, na hakuna aliyeweza kuwashtaki.

Nilimjibu mwalimu yule hivi: hofu yangu haiko kwa mwandishi, iko darasani. Wanafunzi wetu huipigia mstari kejeli, wakaiandika katika orodha ya mbinu za lugha, wakapata alama zao, basi. Hawaulizi nani anachekwa, wala kwa nini. Waulize, mwalimu. Kama hakuna darasani anayetambua kwamba wale ni sisi, waandishi hawa watakuwa wamefungwa bure.