Sahib al-Zanj: Uongozi na Mbinu za Uasi wa Watumwa wa Basra (255–270 Hijria)

Baada ya darsa huko Nguvumali, Tanga, kijana mmoja aliniuliza kama ni kweli "watu wetu" waliwahi kuiteka Basra, na kama tuwahesabu kuwa mujahidina. Nianze na tarikhi.

Zanji ni jina walilotumia Waarabu kwa watu wa mwambao huu wa Afrika Mashariki, nalo limo mpaka leo ndani ya neno Zanzibar. Zama za Bani Abbas, watumwa weusi kwa maelfu walifanyishwa kazi kwenye vinamasi vya kusini mwa Iraq, wakikwangua udongo wa juu wenye chumvi ili ardhi ilimike. Hawakuwa wote wa kwetu, wala waasi hawakuwa weusi peke yao.

Kiongozi wao hakuwa mtumwa. Ali bin Muhammad alizaliwa karibu na Rayy, akawa mshairi Samarra, kisha akajaribu uasi Bahrain bila mafanikio. Alidai nasaba ya Sayyidna Ali (r.a.). Ramadhani ya 255 (Septemba 869) aliwaendea watumwa kambi kwa kambi, akawaapia kuwa hatawasaliti, akawaahidi mali na vyeo. Mabwana zao aliwakamata na kuamuru wachapwe na watumwa wale wale. Kwenye bendera yake aliandika aya ya 111 ya Suratut Tawba, inayotaja Mwenyezi Mungu kununua nafsi za waumini. Kwa mtu aliyewahi kununuliwa sokoni, hiyo ilitosha kuwa khutba.

Mwanzoni silaha zao zilikuwa chache mno. Ila waliijua mifereji na matete, jambo ambalo askari wa khalifa hawakulijua. Walivizia, walishambulia usiku, wakateka majahazi, na silaha za kila jeshi lililoshindwa zikawa zao. Askari weusi wa serikali nao walihamia kwao. Walijenga mji wao, al-Mukhtara, katikati ya mifereji, na wakapiga sarafu zao.

Shawwal 257 waliingia Basra. Hapa ndipo ninapolijibu swali la pili. Watu waliuawa ovyo baada ya mji kuanguka, na wanawake huru wa Kiislamu waligawiwa na kuuzwa. Dhulma waliyofanyiwa ilikuwa dhulma kweli, kwani Mtume (s.a.w.) amewaita watumwa ndugu zetu na kuagiza wasitwikwe wasiyoyaweza. Lakini anayekimbia utumwa kisha akamfanya mwenziwe mtumwa, simwiti mujahidi. At-Tabari, aliyeyaandika haya kwa urefu, alimwita kiongozi huyo "khabithi". Nakubaliana naye, ingawa natamani angewasikitikia zaidi wale wa kwenye chumvi.

Aliyewashinda ni al-Muwaffaq, nduguye khalifa al-Mu'tamid, pamoja na mwanawe Abul-Abbas. Hakuharakia kupigana. Alijenga mji mkabala na al-Mukhtara, akaziba njia za chakula kwa majahazi, na akatangaza amani kwa kila atakayejisalimisha. Waliotoka aliwavisha mavazi ya heshima, akawatembeza mbele ya kuta ili wenzao wenye njaa wawaone. Yaani ahadi iliyowakusanya watu kwa Ali bin Muhammad, yeye aliitoa kwa mkono mwingine. Makamanda wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Al-Mukhtara ilianguka Safar 270 (Agosti 883). Kichwa cha Ali bin Muhammad kilipelekwa Baghdad. Wengi wa Zanji waliokubali amani walikuwa wameshaingizwa katika jeshi la al-Muwaffaq, na walipigana upande wake. Wallahu a'lam.