Saratani ya utando wa mapafu: kabla ya kuuza kiwanja, uliza mionzi ni ya nini

Jamaa wa wagonjwa wanaonijia na suala la saratani ya utando wa mapafu aghalabu huanza na swali moja: mashine gani ndiyo bora? Washasikia kuna IMRT, herufi zinazoandikwa kwenye karatasi za hospitali, na kuna protoni huko Chennai, India. Mchango ushaanza kupitishwa na kiwanja kinatafutiwa mnunuzi. Mimi huona swali hilo limekuja mapema. La kwanza ni hili: mionzi hiyo inakusudiwa kumfanyia nini mgonjwa?

Maradhi yenyewe matabibu huyaita mesothelioma. Hayaanzii ndani ya pafu bali kwenye utando mwembamba unaolizunguka pafu na kuufunika ukuta wa kifua kwa ndani. Chanzo chake kikuu ni vumbi la asbesto, na huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Sigara, kwa maradhi haya, si chanzo. Kwa hiyo anayeugua leo huenda ni mzee aliyekuwa akifunga mabomba ya boila za meli ujanani, au fundi aliyekata mabati ya asbesto kwa msumeno. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini mapaa ya zamani yangalipo, na anayeyang'oa bila kuyalowesha maji na bila barakoa inayofaa anajivutia vumbi lile lile.

Ugumu wa tiba umo katika umbo la saratani hii. Saratani nyingi ni donge, na donge hulengwa. Hii imetandaa kama ukoko ulioshika sufuria pande zote, ikapakana na moyo, umio, ini na uti wa mgongo. Kuidhibiti hutakiwa kipimo cha mionzi cha grei 50 hivi, ilhali pafu zima haliwezi kustahimili hata grei 20.

Njia ya kwanza ilikwepa tatizo hilo kwa ukali: daktari wa upasuaji aliondoa pafu lote pamoja na utando wake, kisha upande uliobaki mtupu ukapigwa grei 54. Wapasuaji wa New York walionyesha mwaka 2001 kuwa saratani ilirudi mara chache upande ule, ila ilijitokeza kwengineko mwilini. Jaribio la Uswisi lililochapishwa 2015 halikuona faida ya kuongeza mionzi hiyo baada ya upasuaji.

Ikaja IMRT. Hapa mionzi hutoka pembe nyingi, na kila mwale hugawanywa vipande vyenye nguvu tofauti, hata kipimo kikubwa kikafuata mkunjo wa utando. Ni ufundi mzuri, lakini una gharama yake: mionzi midogo midogo hutawanyika mbali zaidi. Huko Boston, ripoti ya 2006 ilieleza wagonjwa 13 waliopigwa IMRT baada ya kutolewa pafu. 6 walikufa kwa uvimbe wa pafu moja walilobakishiwa. Mashine haikuharibika, na hesabu za siku zile zilionekana sawa. Tangu hapo wataalamu wameweka mipaka mikali ya kile kinacholifikia pafu zima.

Siku hizi vituo vichache hupiga utando huku mapafu yote mawili yangali kifuani. New York, mwaka 2016, waliripoti wagonjwa 27: wanane walipata uvimbe wa pafu, na hakuna aliyekufa kwa huo. Italia walikwenda mbele zaidi. Katika jaribio lao la wagonjwa 108, lililochapishwa 2021, asilimia 58 ya waliopigwa mionzi mikubwa walikuwa hai baada ya miaka miwili, dhidi ya 28 ya waliopewa mionzi ya kutuliza. Ndiyo hoja kubwa ya wanaoitetea njia hii, na sitaipuuza. Lakini wote walikuwa wamepasuliwa kwanza, na jaribio la Uingereza la 2024 lilionyesha kuwa waliopasuliwa na kupewa dawa waliishi kiasi cha miezi 19, huku waliopewa dawa pekee wakiishi karibu 25. Msingi wa nyumba hiyo, kwa maoni yangu, haujakauka.

Protoni hutua kwenye kina kilichopimwa na haipiti upande wa pili, kwa hiyo moyo na ini hupona zaidi. Hiyo ni fizikia ya kweli. Ushahidi kwamba inamzidishia umri mgonjwa wa maradhi haya bado ni haba, na bei yake mwaijua.

Mionzi inayowafaa wengi haina sifa magazetini: grei 20 kwa siku tano, pale panapouma tu. Uingereza waliijaribu kwa wagonjwa 40. Kati ya 30 waliopimwa wiki ya tano, 14 walipungukiwa na maumivu. Ni karibu nusu, si wote, na mgonjwa aambiwe hivyo. Hii haihitaji ndege: hospitali yenye mashine ya kawaida ya mionzi, kama Kenyatta, yaiweza. Uchovu, ngozi kuwasha na koo kuuma wakati wa kumeza hutokea, kisha hupita.

Haitaondoa pumzi fupi iliyoletwa na maji kifuani; hayo hutolewa kwa mrija. Na mkiambiwa tundu la mrija lipigwe mionzi ili saratani isiote hapo, kumbusheni kwamba jaribio la wagonjwa 203 la mwaka 2016 halikuona faida.

Basi mkiingia kwa daktari, bebeni CT, majibu ya kipande cha nyama kilichopimwa maabara na orodha ya kazi zote alizowahi kufanya mzee. Ulizeni: ni ya kutuliza au ya kuzuia? Grei ngapi, kwa siku ngapi? Pafu zima litapata kiasi gani? Na SHA italipia vikao vingapi?